Daraja la Bixby, California: nyota 5 kwa mafundi waliolijenga, nyota 2 kwa paking

Nimerudi jana usiku, mgongo unauma, viatu vimejaa vumbi, na sijalala vizuri maana kichwa bado kiko kule, kwa hiyo acha niandike wakati mambo bado mabichi. Hii ni rivyuu ya Daraja la Bixby, lile la zege lililoko Big Sur kwenye Barabara namba 1 ya California, ambalo hata kama hujui jina lake ushawahi kuliona kwenye matangazo ya magari, tao moja kubwa limekaa juu ya korongo na bahari ya Pasifiki iko pembeni inapiga mawe. Toka San Francisco ni kama kilomita 190 kuelekea kusini, na ukishapita mji wa Carmel zinabaki kama kilomita 21 hivi unalikuta.

Niseme kwanza mi ni nani ili mjue naangalia kwa jicho gani. Mi ni fundi seremala wa saiti, yaani yule anayefunga mbao kabla zege halijamwagwa. Nimeanza Kilwa Masoko kwa baba mdogo, nikaenda Dar nikafunga slabu za ghorofa mpaka nikachoka kuhesabu, na sasa niko Oakland huku California, kazi ni ileile, zana tu ndo zimebadilika. Kwa hiyo watu wakifika pale wanaona daraja na bahari, mi naona mirunda, yaani zile nguzo za mti za kushikilia zege bichi, ambayo haipo tena. Na ndo maana naandika, kwa sababu nimesoma maoni ya watu mia kidogo kuhusu hii sehemu na karibu yote yanaongelea jua kuzama na selfii, hakuna hata mmoja anayeuliza lile tao lilisimamaje kabla halijawa tao.

Mara ya kwanza nilienda na basi dogo la watalii, kampuni siitaji. Dereva akasimamisha, akasema dakika 10, watu wote tukashuka kwa pamoja kwenye kieneo kidogo upande wa kaskazini, ukungu umefunika nusu ya korongo, miguu ya tao haionekani kabisa, naona tu mgongo wa daraja unaelea juu ya wingu. Nikamwomba anisubiri kidogo ukungu upande, akapiga honi. Nilirudi kwenye kiti changu nimechukia kweli, maana nililipa hela nzuri, na daraja la aina hii ukiliangalia bila kuona miguu yake ni sawa na kumsalimia mtu bila kumwona uso. Kwa hiyo juzi tukaenda wenyewe, mi, mama Salma na binti yetu, tukaondoka Oakland alfajiri, tukafika mapema, tukakaa hapo na kule saa tano nzima. Kama mnataka kwenda, nendeni hivyo.

Sasa kuhusu daraja lenyewe. Urefu wote ni mita 218, lile tao kubwa la katikati lina upana wa karibu mita 100 kutoka mguu mpaka mguu, na barabara iko juu ya kijito kwa mita 79 hivi. Nikamwambia mama Salma ni kama ghorofa ishirini na kitu, akaniangalia tu. Upana wa daraja ni futi 24, yaani mita 7 na kitu, njia mbili tu, na ukikutana na yale magari makubwa ya kulala ndani unabana pumzi. Lilianza kujengwa Agosti 1931 na likafunguliwa Novemba 1932. Mwaka na miezi michache! Mi nimeona kalvati linachukua muda huo.

Na ukumbuke ni wakati gani. Marekani iko kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi. Hiyo pwani ya Big Sur ilikuwa imejifunga kabisa, milima ya Santa Lucia inashuka moja kwa moja mpaka baharini, hakuna tambarare ya kuweka barabara. Kulikuwa na njia ya zamani ya vumbi inazunguka ndani milimani, kilomita 18 hivi za kona na miteremko kukwepa haya makorongo, na mvua za kipupwe zikishuka watu wa huko wanakaa kisiwani bila kuwa kisiwani. Kuna daktari mmoja wa Monterey, John Roberts, mwaka 1894 meli iitwayo Los Angeles ilipanda mwamba karibu na Point Sur, akaitwa kwenda kusaidia majeruhi, akapita njia hiyo mbovu, na toka siku hiyo hakukaa kimya, akapiga kelele miaka na miaka kwamba pwani hii inataka barabara. Barabara nzima ilikuja kukamilika 1937. Sehemu zake nyingine zilichimbwa na wafungwa wa gereza la San Quentin ambao walikuwa wanalipwa senti 35 kwa siku na kupunguziwa kifungo. Unapoendesha pale ukifurahia kona, ni jasho la watu hao unapita juu yake.

Hapo korongoni wahandisi walikuwa na njia mbili mezani. Moja ni kuingia ndani zaidi mlimani, kutoboa handaki la futi 890 na kuweka daraja dogo huko juu ambako korongo ni jembamba. Ya pili ni kukaa hukuhuku pwani na kurusha daraja kubwa. Wakachagua pwani. Halafu likaja swali la chuma au zege, na hapa napenda sana walivyofikiri: chuma kando ya bahari kinaliwa na chumvi, kitataka rangi kila baada ya muda, gharama ya kukitunza haiishi, na tena chuma kinatengenezwa mbali kiwandani, hela inaenda kiwandani. Zege linataka mikono. Ukijenga kwa zege sehemu kubwa ya bajeti inaishia mfukoni mwa vibarua na mafundi walioko pale pale, na kwenye mwaka 1931 hilo lilikuwa jambo la kula au kulala njaa. Mtu yeyote aliyewahi kusimama getini kwa mkandarasi saa kumi na mbili asubuhi akisubiri aitwe, anaelewa uzito wa uamuzi huo.

Mkuu wa uhandisi wa barabara za jimbo alikuwa C. H. Purcell, huyu huyu baadaye ndo akawa mhandisi mkuu wa lile daraja la kuvuka ghuba kati ya San Francisco na Oakland ambalo mi nalipita nikienda kazini. Aliyesanifu Bixby ni F. W. Panhorst. Mkandarasi alikuwa Ward Engineering Company ya San Francisco. Walisaini mkataba wa dola 203,334 na mwisho wa yote ikatumika dola 199,861. Soma tena hapo. Ilitumika pungufu. Kwenye korongo la mita 79, upepo wa bahari, mawimbi ya kipupwe, na bado chenji ikarudi.

Sasa tuje kwenye mbao maana hapa ndo roho yangu iko.

Tao halijishiki mpaka limekamilika. Slabu ya kawaida unaweza kumwaga nusu leo nusu kesho, lakini tao lisilofika katikati ni mkono umenyooka hewani, utaanguka. Kwa hiyo kabla hujamwaga hata karai moja la zege lazima ujenge kitu cha kulibeba lote, na pale Bixby maana yake ni kujenga daraja zima la mbao chini ya daraja la zege. Walitumia futi za mbao 300,000 (hicho ni kipimo cha ujazo wa mbao) za msonobari aina ya Douglas. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya mita za ujazo 700. Jukwaa hilo lilipanda futi 250, yaani mita 76, kutoka chini korongoni, baadhi ya vipande vikiwa vya inchi 10 kwa 10, na upepo haukuacha kulisukuma hata siku moja. Ilifika mahali mawimbi ya kipupwe yakaanza kutishia misingi ya hilo jukwaa pale chini mdomo wa kijito, wakasimamisha kazi mpaka dhoruba zikapoa. Nawaza wale mafundi walivyolala usiku huo wakisikia bahari inagonga. Mi nimewahi kulala saiti mvua inanyesha na slabu yangu bado iko juu ya mirunda, ardhi inalowa, nimeamka mara nne na tochi kuangalia kama kuna mrunda umezama, na hiyo ni ghorofa ya pili tu. Hawa walikuwa na mita 76.

Vifaa vilifikaje? Nondo zilikuja kwa treni kutoka San Francisco mpaka Monterey, halafu kwa lori kwenye njia mbaya. Simenti mifuko 45,000. Zege lote ni yadi za ujazo 6,600, karibu mita 5,000. Kulivusha upande wa pili walifunga waya wa chuma juu ya korongo, futi 300 juu ya kijito, wakaning'iniza majukwaa, vitu vinasafiri hewani kwenda na kurudi. Hakuna pampu ya zege, hakuna kreni kama zetu za leo.

Hapo kwenye mifuko nikakaa chini na kalamu, mama Salma anasema "Baba Salma, tumekuja kutembea au kufanya tenda?" lakini nilitaka kujua. Mfuko wa Kimarekani wa wakati ule ni paundi 94, yaani kama kilo 43. Mifuko 45,000 kwenye mita 5,000, inakuja karibu mifuko 9 kwa mita moja ya ujazo, kilo 380 hivi za simenti. Hiyo ni mikisi nzito jamani, yaani zege limeshiba simenti! Hakuna mtu aliyeiba mfuko pale. Halafu nondo, paundi 600,000, ukigawa unapata kama kilo 54 kwa kila mita ya zege. Kwenye fremu ya ghorofa siku hizi tunasuka kilo 100 na kuendelea kwa mita. Sasa mtu atasema walibana nondo. Hapana. Ni kwa sababu tao halihitaji nondo nyingi, na ukielewa hili umelielewa daraja lote.

Fanyeni hivi nyumbani. Mwite mwenzio, simameni mnatazamana, miguu iwe mbali kidogo, halafu muegemeane viganja kwa viganja juu, mtoto apite katikati. Mkiwa mmeegemeana sawa hamuanguki, na hata mtoto akining'inia kwenye mikono yenu mnazidi tu kubanana. Mnachosikia ni kubanwa, viganja vinabanwa, mabega yanabanwa, na miguu inataka kuteleza kwenda nje. Hilo ndo tao. Uzito unaingia juu, unapita ndani ya mwili wake kwa kubana, unashuka mpaka kwenye miguu, na miguu inasukuma mwamba. Zege likibanwa ni jabali, likivutwa linapasuka kama biskuti, ndo maana slabu na bimu tunazijaza nondo upande wa chini unaovutwa. Tao limepindwa hivyo ili karibu mzigo wote uwe wa kubana. Nondo ziko pale kwa ajili ya vurugu: lori zito likiwa upande mmoja tu, upepo, jua linalotanua na baridi inayokunja. Tulifanya hiyo ya viganja pale pale barabarani na Salma akipita katikati, kuna wazungu wakatupiga picha.

Tao la Bixby ni mbavu mbili zinazoenda sambamba. Kila ubavu una upana wa futi 4 na nusu, na unene wake haulingani: pale juu katikati ni futi 5, ukishuka kwenye miguu unafika futi 9. Sababu ni hiyo hiyo, jinsi unavyoshuka ndivyo mzigo unavyojumlishika, na pale chini ndo vurugu zote zinaishia. Kutoka pembeni unaona wembamba ule wa katikati unavyonenepa taratibu kwenda chini, macho yanaupenda kabla akili haijajua kwa nini. Juu ya mbavu zimesimama nguzo nyembamba zinazobeba barabara, katikati yake pako wazi, upepo unapita, unaona bahari kupitia kwenye daraja. Nimesoma pia kwamba lilisanifiwa kubeba zaidi ya mara 6 ya mzigo uliotarajiwa, na nikiangalia ile mikisi naamini.

Halafu kuna zile nguzo mbili nene, moja kila upande wa tao, zinapanda kutoka chini kabisa mpaka barabarani. Kila mtu anadhani ndo zimebeba daraja. Wahandisi wanasema kimahesabu hazikuwa lazima, na Panhorst mwenyewe baadaye alipojenga daraja lingine la tao huko Mendocino, juu ya Russian Gulch mwaka 1940, hakuziweka, na sasa daraja hilo linaitwa kwa jina lake. Kiuhandisi lile la Mendocino ni safi zaidi. Lakini mi naona Bixby bila zile nguzo lingekuwa kama mlango bila fremu. Ukiwa umesimama kule juu kwenye upepo, jicho linataka mahali pa kusema tao linaanzia hapa na linaishia hapa.

Jambo ambalo lilinigusa zaidi ni dogo. Nilichukua darubini ya Salma nikawa naangalia zege la upande wa kivuli, na mistari ya mbao bado ipo. Kila ubao ulioshika zege mwaka 1932 umeacha alama yake, unaona kiungo cha ubao na ubao, mahali pengine unaona hata mishipa ya mti. Kuna sehemu ubao mmoja ulikaa juu kidogo kuliko mwenzake, umeacha kingo nyembamba kama unene wa kucha. Fundi fulani aliona ile kingo siku ya kufungua mbao na nina uhakika ilimuuma, maana mi pia ingeniuma. Miaka zaidi ya 90 baadaye bado ipo na mi mtu wa Kilwa nimesimama nikiiangalia. Nikamwita mama Salma aone, akaangalia muda mrefu bila kusema kitu, halafu akasema "kwa hiyo hawa watu wameandika." Ndiyo, wameandika.

Kitu kingine cha hapo hapo. Hilo korongo limepewa jina la Charles Bixby, mtu aliyekuja kutoka jimbo la New York karne ya 19 akawa na ardhi na mashine ya kupasua mbao hapo, kijito chenyewe zamani kikiitwa Mill Creek. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kampuni inachoma chokaa milimani juu ya hapo, chokaa ikishushwa kwa waya mpaka baharini kupakiwa melini. Niliposoma hiyo nilicheka kwa furaha, maana kwetu Kilwa Kisiwani ule Msikiti Mkuu umesimama kwa matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, karne na karne, bila nondo hata moja. Akili ni ile ile ya viganja. Wazee wetu walijua kubananisha, na waliposimamisha yale matao nao walitanguliza mbao chini yake, hakuna njia nyingine.

Tetemeko je, maana California ndo nchi yake? Baada ya lile tetemeko kubwa la Loma Prieta la mwaka 1989 jimbo likaanza kupitia madaraja yake, na mwaka 1996 wakaanza kuliimarisha Bixby, kazi iliyogharimu kama dola milioni 20. Linganisha na ile 199,861, hata ukiondoa mambo ya thamani ya hela. Ugumu ulikuwa kwamba hawaruhusiwi kuliharibu sura. Kwa hiyo kazi wakaificha: bimu mpya za zege zikafungwa kwa ndani kandokando ya barabara urefu wote wa daraja, na zile nguzo nene ambazo ni tupu ndani zikapitishwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kuanzia juu mpaka kwenye msingi, ili daraja likitikiswa lijibane lenyewe lisiachane. Ukisimama nje huoni kitu. Hiyo kwangu ni heshima kubwa, fundi wa leo kukubali kazi yake isionekane ili ya mwenzake aliyetangulia ibaki.

Sasa nyota zilizopungua. Paking ni shida tupu. Kale kaeneo ka kaskazini kanabeba magari machache sana, watu wanaegesha hovyo ukingoni mwa barabara, wanafungua milango kwenye njia, wanavuka na watoto bila kuangalia, na kila dakika kuna honi. Choo hakuna. Narudia, hakuna choo, malizeni shughuli Carmel kabla hamjatoka. Mtandao wa simu unakatika, pakueni ramani mapema. Kibao cha kueleza historia mtu akaelewa alichokiona hakitoshelezi hata kidogo, na hili linaniudhi kuliko paking, unapata wageni toka dunia nzima halafu unawaacha waondoke bila kujua kuhusu zile mbao. Kutembea kwa miguu juu ya daraja siwashauri, pembeni pamebana na magari yanapita karibu mno. Na msiteremke korongoni kutafuta picha, ukingo ni udongo unaomomonyoka, na chini kuna maeneo ya watu.

Muda mzuri ni asubuhi siku ya kazi. Kiangazi ukungu unapenda kukaa mpaka karibu mchana kwa hiyo muwe na subira, msifanye kama yule dereva wangu. Kabla ya kutoka angalieni kama barabara iko wazi, maana hii pwani inaporomoka mara kwa mara, Machi 2024 kipande cha njia moja kilidondoka baharini karibu na Rocky Creek, pua na mdomo na hapo, magari yakawa yanapitishwa kwa zamu. Na hapo Rocky Creek msipite tu, kuna daraja dogo la tao la mwaka 1932 hilo hilo, mdogo wake Bixby, watu wote wanalivuka bila kujua wamelivuka.

Siri yangu kubwa ya safari ni ile njia ya zamani ya vumbi, Old Coast Road, inaanzia pale pale kichwani mwa daraja upande wa kaskazini. Haijawekwa lami mpaka leo. Kama pamekauka na gari lenu liko juu kidogo, pandeni nayo kidogo tu kisha simameni mgeuke nyuma. Hapo unaliona tao lote kutokea upande wa mlimani, miguu yake yote miwili imekanyaga mwamba, bahari iko nyuma yake inaonekana kati ya nguzo, na hakuna mtu. Sisi tulikula chapati zetu hapo. Na ukiwa umeshapita hata kilomita mbili za ile njia, kona na mashimo na vumbi, ndo unaelewa kwa mwili wako daraja liliwapa nini watu wa huku.

Nilimtumia baba mdogo picha kwa WhatsApp, yeye ndo alinifundisha kazi Kilwa Masoko, macho yamepungua lakini Salma alishanielekeza namna ya kutuma kubwa kubwa. Nikamwelezea kwa sauti mifuko 45,000, futi 250 za mbao, ule waya wa kuvushia mizigo. Nikamkumbusha na ile kazi ya mwisho ambayo yeye anaijua kuliko mi: tao likishashika, zile mbao haziondolewi kwa kubomoa, unazishusha kidogo kidogo, kwa matao mengi ya zamani ilikuwa ni kwa kulegeza kabari, huku na huku kwa zamu, ili uzito uhame taratibu toka kwenye mbao uingie kwenye zege. Ukiharakisha upande mmoja umeua kazi na watu. Yeye slabu zake zote kabari ya kwanza alikuwa anailegeza mwenyewe, vibarua wote wakiwa wametoka nje, na mi alinikataza kuingia chini ya slabu siku hiyo mpaka nilipofika miaka ishirini na moja.

Akanijibu usiku huohuo, sauti ya sekunde chache tu. "Mwanangu nimeliona, zuri, kazi ya watu hiyo. Ila nikalie kitako nikuulize. Siku ya kabari, aliyeingia chini alikuwa nani?"